Mapitio: Utabiri wa siku tano wa TMA kwa msafiri wa Mtwara na Lindi

Kuanzia Desemba hadi Mei, msafiri wa Kusini ana swali moja: basi litapita au litakwama? Wengi hutafuta jibu kwenye taarifa ya hali mbaya ya hewa ya siku tano ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ile inayotoka alasiri ikiwa na ramani za rangi. Ni ya bure, ipo kwenye tovuti ya mamlaka na kurasa zake za mitandao ya kijamii, na redio huisoma. Hapa tunaipima kwa kazi mbili tu: safari ya basi kati ya Mtwara au Lindi na Dar es Salaam, na kuvuka maji kwa kivuko au boti. Kwa ufupi, baharini taarifa hii inatosha kukufanya uamue. Barabarani inakwambia siku ya kuwa na wasiwasi, lakini haikwambii kama barabara bado ipo.

Tuanze na jinsi ya kuisoma, maana wengi huishia kwenye rangi. Kuna ramani tano, moja kwa kila siku. Njano ni Angalizo, chungwa ni Tahadhari, nyekundu ni Tahadhari Kubwa, na pasipo na jambo huandikwa kwamba hakuna tahadhari. Chini ya ramani kuna mistari inayobeba uzito wenyewe: uwezekano wa kutokea (mdogo, wastani, mkubwa), kiwango cha athari, kisha mfano wa athari, kama makazi kuzungukwa na maji au usafiri kuchelewa. Rangi hupatikana kwa kuunganisha uwezekano na athari. Ndiyo maana njano mbili hazilingani. Njano ya uwezekano mkubwa na athari ndogo ni siku ya kuchelewa saa mbili na kuchafua viatu. Njano ya uwezekano mdogo na athari kubwa ni siku ambayo pengine haitatokea kitu, ila kikitokea utalala njiani. Mwenye mgonjwa wa kupeleka Dar, au mwenye ndege ya kuunganisha, aiogope zaidi hiyo ya pili.

Angalia pia maneno ya eneo. "Maeneo machache", "baadhi ya maeneo" na "maeneo mengi" hayakuandikwa kujaza nafasi. "Maeneo machache ya mkoa wa Lindi" yanaweza kuwa Nachingwea peke yake, na wewe unayepita Kilwa usione tone. Yanaweza pia kuwa Somanga peke yake, kule wilayani Kilwa ambako barabara hukatika, na hapo ndipo penye balaa.

Kwenye taarifa hizi, mvua kubwa maana yake ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50 za maji, sawa na maboza 5,000 ya lita 10,000. Kasoro ni kwamba taarifa haisemi mvua hiyo itashuka kwa saa ngapi. Milimita 50 zilizotawanyika kutwa nzima, mchanga wa ukanda wetu wa pwani unazimeza vizuri tu. Zikishuka kwa saa mbili, kalvati zinaelemewa. Tena mvua ya Desemba na ya Aprili hazifanani hata kipimo kikiwa kilekile. Desemba ardhi ina kiu, lakini Aprili imeshashiba, na karibu kila tone linakimbilia mtoni. Kwa hiyo Angalizo la mwisho wa msimu lipe uzito wa daraja moja juu ya rangi yake.

Kalenda mbili, barabara moja

Kosa kubwa la wasomaji wa Mtwara ni kutazama Mtwara. Basi litakaa mkoani Mtwara kwa muda mfupi tu. Kati ya kilomita 560 hivi za safari nzima, sehemu kubwa ni ya Lindi na Pwani, na mikoa hiyo haifuati kalenda moja ya mvua. Mtwara na Lindi ziko kwenye mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Pwani na Dar es Salaam zina vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Machi na Aprili kalenda hizo mbili hupandana: huku Msimu haujaisha, kule masika yamechanganya. Ukisoma kipengele cha Mtwara pekee wakati huo unaweza kukuta hakuna tahadhari, ukapanda basi kwa raha zako, ukakutana na mambo Kibiti, mkoani Pwani.

Halafu kuna maji ambayo hayanyeshi njiani kabisa. Mto Matandu, unaoukuta unapokaribia Nangurukuru, unakusanya maji ya upande wa Liwale. Mbwemkuru nao unatoka bara. Rufiji ndiyo kabisa: maji yanayopita chini ya Daraja la Mkapa yameletwa na Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na siku hizi yanategemea pia Bwawa la Julius Nyerere linaachia kiasi gani. Kwa hiyo msafiri wa Mtwara anatakiwa kusoma Lindi na Pwani kwa siku ya safari, na Morogoro kwa siku kadhaa zilizotangulia. Taarifa ya siku tano haimwambii mtu habari hiyo. Imegawanywa kwa mikoa, wakati mafuriko hufuata mabonde.

Jambo la kitaalamu kidogo: Mtwara ina rada ya hali ya hewa, na Dar es Salaam ina yake, na watu hudhani basi ukanda wote unaonekana waziwazi. Somanga iko kama kilomita 230 kutoka Mtwara kwa mstari ulionyooka, na kama 170 kutoka Dar. Mwali wa rada unaorushwa kwa nusu nyuzi juu ya upeo huzidi kupanda kadiri unavyokwenda, kwa sababu dunia inajikunja chini yake. Ukifika Somanga, ule wa Mtwara uko juu kiasi cha kilomita tano, na wa Dar zaidi ya tatu. Wingu refu la radi utaliona. Mvua ya mawingu mafupi yanayotoka baharini inaweza kupita chini ya mwali kimyakimya.

Kwa nini lami inakatika

Taarifa huandika "uharibifu wa miundombinu" ikaishia hapo, kwa hiyo tuifungue. Tuta la barabara linapovuka bonde linafanya kazi ya bwawa, na kalvati ndiyo tundu pekee la kutolea maji. Mafuriko ya kwanza ya msimu hubeba magogo, makuti na matete, na tundu linazibwa nusu. Maji yanapanda upande wa juu, yanafika usawa wa lami, yanaanza kumwagikia upande wa pili. Hapo ndipo uharibifu unapoanzia: maji yanayoporomoka upande wa chini yanachimba bega la barabara kutoka nyuma kuja mbele, kifusi kinaondoka chini ya lami, na lami inabaki imening'inia kama ubao. Juu inaonekana nzima. Kwenye madaraja mara nyingi daraja lenyewe linasimama, na kinachoondoka ni tuta la kuingilia.

Kwa hiyo maji yanayopita juu ya lami hayapimwi kwa kina tu. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kulielesha gari dogo, na 60 zinabeba magari mengi, yakiwemo yale makubwa yenye magurudumu manne ya kusukuma. Basi ni zito, ndiyo, lakini ubavu wake ni mpana na mkondo una pa kusukumia. Na hata likiwa zito vipi, dereva haoni kama chini ya maji hayo ya tope kuna barabara au shimo. Konda akisema "jana tulipita hapahapa", jana si leo. Teremka.

Kipimo halisi cha huduma hii kilikuwa Kimbunga Hidaya. TMA ilianza kutoa taarifa siku kadhaa kabla, ikaendelea kuzirekebisha, na kimbunga kikagusa pwani ya Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kwa kufuatilia kimbunga, alama za juu: mahali na siku vilitajwa mapema kiasi cha watu kufunga vyombo. Kituo cha Kilwa kilipima zaidi ya milimita 200 ndani ya saa 24, zaidi ya mara mbili ya wastani wa Mei nzima kituoni hapo. Barabara ya Kusini ikakatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga na Matandu zikiwemo, na mawasiliano kati ya Kusini na Dar yakasimama kwa siku kadhaa. Aprili 2025 ilikatika tena Somanga, safari hii bila kimbunga cha kutangazwa kwa jina. Tofauti hiyo ndiyo ya kuzingatia. Kimbunga kinapewa taarifa maalumu na kila mtu anasikiliza. Mvua ya kawaida ya Aprili inapata Angalizo la njano kama zilivyo njano zote, na matokeo barabarani yanaweza kuwa yaleyale.

Wenzetu wa Uingereza wanatumia mfumo wa namna hiyohiyo: Met Office yao hutoa njano, kahawia-njano na nyekundu kwa kuunganisha uwezekano na athari, na taarifa huja na kijisanduku chenye alama ya vema kuonyesha hasa onyo limeangukia wapi kati ya uwezekano na athari. Wanapotangaza theluji nzito na barafu, maandishi husema wazi kwamba safari za barabara na reli zitachukua muda mrefu zaidi, na kwamba vijiji vinaweza kutengwa. Lakini theluji ina unafuu mmoja kwa mtabiri: inafunga barabara ileile iliyoiangukia, palepale. Mvua ya mafuriko huanguka huku ikaumiza kule, tena kesho yake. Ndiyo maana hata England tahadhari za mito hutolewa na taasisi nyingine, Environment Agency. Kuilaumu TMA kwa kutotabiri Matandu ni kumdai fundi seremala kazi ya bomba. Ila kile kijisanduku chenye alama tungekipenda hapa, kingemaliza ubishi wa njano ipi ni ipi.

Cha kuongezea juu ya utabiri

Kwa kuwa taarifa haijitoshelezi, ichanganye na vyanzo vingine vitatu. Habari za mito ziko kwenye bodi za maji za mabonde: Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi ni za Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi kuu Mtwara, Rufiji ni ya Bodi ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa. Habari za barabara yenyewe ziko kwa wakala wa barabara, TANROADS, mkoa wa Lindi, kwa sababu sehemu korofi kubwa ziko kwao. TANROADS Mtwara watakujibu kuhusu Mtwara.

Chanzo cha tatu ndicho chepesi na ndicho bora: wakala wa basi stendi. Usimuulize "njia nzuri?" kwa sababu mwenye tiketi za kuuza hana njia mbaya. Muulize: "Gari lililotoka Dar jana limeingia saa ngapi?" Kisha: "Limekuja moja kwa moja au limefaulisha?" Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, karibu kila asubuhi kuna gari lililopita njia nzima saa chache zilizopita, na saa lililoingia ndiyo taarifa mpya kuliko zote. Likiwa limechelewa saa moja, ni tope na foleni. Likichelewa saa tano, kuna mahali magari yanapita upande mmoja kwa zamu. Abiria wakiwa wamefaulishwa, yaani wameshuka, wamevuka kwa miguu na kupanda gari la ng'ambo, basi barabara imekatika hata kama hakuna tangazo. Stendi ya Mkanaledi, Mtwara, habari hizo zinapatikana kabla chai haijaiva.

Ratiba inayofaa ni hii. Siku tano kabla, tazama rangi ila usibadilishe kitu. Utabiri wa siku ya tano ni wa kukuandaa tu. Siku mbili kabla, soma mistari ya uwezekano na athari kwa Lindi, Pwani na Morogoro, na kama kuna chungwa popote hapo uliza kama tiketi inasogezeka. Jioni ya kuamkia safari, sikiliza mwelekeo wa saa 24 zijazo, unaohesabiwa kuanzia saa 3 usiku. Huu ndio wenye usahihi wa kutosha kuamua. Alfajiri, muulize wakala. Ukiondoka Mtwara saa 12 asubuhi, basi litafika maeneo ya Kilwa kabla ya jua la utosi, na hicho ni kitu kizuri: kama kuna maji, utayaona mchana. La usiku linayakuta gizani. Kwenye wiki ya njano, chukua la asubuhi hata kama la usiku lina siti nzuri na kiyoyozi.

Begi la wiki hiyo lisitegemee hoteli za njiani. Wekeni maji lita tatu kwa kila mtu, chakula kisichoharibika, dawa za siku tatu zaidi ya safari, pesa taslimu kidogo maana mtandao wa simu hupotea umeme ukikatika, na betri ya akiba. Viatu viwe vya kufunga. Ukifaulishwa utatembea kwenye tope na mzigo kichwani, na kandambili zitabaki hukohuko. Mzigo mkubwa gawanyeni mara mbili, kwa sababu wanaovusha hulipisha kwa kipande na wala hawabembelezi.

Barabara ikikatika kweli, njia mbadala ya lami ipo: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Iringa, Morogoro. Ni zaidi ya kilomita 1,500, karibu mara tatu ya safari ya kawaida, na nauli hupanda kulingana nayo. Kwa anayekwenda Iringa au Mbeya ni nafuu, wala asingoje. Kwa anayekwenda Dar, mara nyingi kungoja siku mbili Lindi au Mtwara kuna gharama ndogo kuliko kuzunguka, isipokuwa kama tuta zima limeondoka na magreda ndiyo kwanza yanaletwa. Ndege ya Mtwara–Dar inajaa saa chache baada ya habari kusambaa, kwa hiyo anayeihitaji aamue kwenye taarifa ya chungwa asingoje picha za shimo.

Baharini

Huku sifa zinastahili. Taarifa za upepo na mawimbi zina namba, na namba ndizo mvuvi na nahodha wanazotaka: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 ndiyo Angalizo la kawaida la pwani yetu, hasa kusi inapochachamaa. Upepo ni kitu kipana, haufichwi na kilima wala bonde, na mtabiri anaupatia mara nyingi zaidi kuliko mvua. Mtu wa kuvuka Mtwara kwenda Msangamkuu au Lindi kwenda Kitunda anaweza kupanga siku yake kwa taarifa hiyo bila kuuliza mtu. Ndani ya ghuba mawimbi huwa madogo kuliko ya bahari kuu, kwa hiyo mita 2 za taarifa si mita 2 za kivukoni. Lakini boti ndogo na mitumbwi inayotoka nje ya mlango wa ghuba ikae siku hiyo. Kivuko nacho kinaweza kusimamishwa, na hakuna atakayekutumia ujumbe. Mwenye ahadi ya hospitali avuke mapema asubuhi kabla upepo haujapanda.

Malalamiko ya mwisho si ya TMA peke yake, ni yetu sote tunaosambaza picha. Kila mvua ikinyesha, ramani za njano na nyekundu huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp zikiwa zimekatwa juu na chini, na sehemu iliyokatwa ndiyo yenye tarehe. Baadhi ni za wakati wa Hidaya. Ramani yoyote isiyoonyesha tarehe na saa ya kutolewa usiitumie kuamua wala usiitume mbele. Nenda tovuti ya mamlaka, fungua ya leo, na kama mtandao umekata, subiri taarifa ya habari ya redio. Aliyekwisha kuzungukwa na maji hahitaji ramani: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni Polisi, na zote mbili hazina malipo.